Akiba ya Barua-pepe: Namna ya Kupakua na Kuhifadhi Barua Katika Kompyuta



Mhariri ameniomba niandike somo moja la manufaa kwa wanafunzi, walimu na wazazi. Nimechagua jambo la barua-pepe. Wengi wetu twajua kuiandika na kuituma, lakini ni wachache wajuao barua hizo hukaa wapi, na kwa nini pengine huonekana leo na kesho zisionekane. Mimi mwenyewe sikulijua jambo hili sawasawa mpaka niliposahihishwa na makosa yangu, na makosa hayo yalikuwa karibu kumkosesha binti mmoja wa shule yetu nafasi ya kwenda chuo. Nitaanza na kisa hicho, kisha nitaeleza somo lenyewe.

KISA

Kazi yangu mojawapo ni kuangalia barua-pepe za shule katika kompyuta ya ofisi. Kwa kuwa tunanunua bando la intaneti kwa fedha kidogo, niliona ni busara kuiamuru programu ya barua isipakue barua yo yote iliyozidi kilobaiti 50. Nilijisifu kwamba nimeokoa fedha ya shule.

Ijumaa moja jioni, wakati wa masika, iliingia barua ya watu waliokuwa wakisaidia vijana kulipa ada ya chuo. Niliona kichwa chake tu: fomu ya binti wa Kidato cha Sita aliyeomba kusomea uuguzi. Nilifurahi, nikampigia simu mama yake aje kutia sahihi, nikafunga kompyuta, nikaenda nyumbani.

Usiku ule mvua ilinyesha sana huku milimani. Umeme ukakatika, na mtandao wa simu nao ukapotea. Jumamosi asubuhi mama alifika kutoka upande wa Ngarenanyuki, viatu vimejaa tope. Kompyuta ilikuwa na chaji, basi nikaifungua mbele yake kwa majivuno. Kichwa cha barua kilikuwapo, lakini ndani palikuwa patupu, pana maneno ya kunijulisha kwamba mwili wa barua haujapakuliwa.

Mama akaniuliza, "Mwalimu, barua imefika au haijafika?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Fomu ilitakiwa kurudi kabla ya saa sita mchana siku ya Jumatatu. Tulishuka kwa miguu hadi Usa River, tukapanda daladala mpaka mjini Arusha, tukatafuta steshenari yenye umeme na intaneti karibu na Mnara wa Saa. Huko tukaifungua barua, tukatoa nakala mbili za fomu, mama akatia sahihi, tukairudisha siku ile ile. Nakala ya pili aliichukua mwenyewe. Tulipoteza nauli na siku nzima, na kama mvua ingalivunja barabara, binti angalipoteza zaidi ya hayo.

Sasa tuone sababu yake.

BARUA HUKAA WAPI

Barua-pepe ikitumwa kwako, haiji moja kwa moja katika kompyuta yako. Hufika kwanza katika kompyuta kubwa ya mtunza barua, iitwayo seva, ambayo huwaka usiku na mchana. Yaweza kuwa mbali sana, hata Ulaya au Marekani. Barua hukaa huko mpaka utakapoiendea.

Wenyeji wa miteremko ya Meru watanielewa upesi nikitaja mfereji wa maji. Maji yatoka mlimani, lakini hayapiti katika shamba lako kila saa. Yapo kwa zamu. Mtu mwenye busara, zamu yake ifikapo, hunywesha migomba na kahawa, na tena hujaza pipa. Zamu ikipita, yeye bado ana maji ya kupikia. Asiye na pipa huyaona maji yakipita kwa jirani, na yeye ana kiu. Intaneti ya kwetu ni kama mfereji huo, na kupakua barua ndiko kujaza pipa. Mimi Ijumaa ile niliyaona maji kwa macho, lakini sikuchota.

ASILI YA JAMBO HILI

Vijana wengine hudhani kwamba kusoma barua bila mtandao ni jambo la watu maskini au la vijijini tu. La, si hivyo. Hivyo ndivyo barua-pepe ilivyotumika kwa watu wengi tangu zamani. Mwaka 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alituma barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao, naye ndiye aliyechagua alama ya @ kutenga jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mwaka 1984 ilitolewa kanuni ya kwanza ya POP, ambayo kazi yake ni kuchukua barua kutoka seva na kuzileta katika kompyuta ya mwenyewe, ili azisome wakati wo wote. Mwaka 1986 Mark Crispin, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, alianza kutengeneza kanuni nyingine, IMAP, ambayo huziacha barua katika seva na kumwezesha mtu kuzisimamia kutoka mbali.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1990, hapakuwa na intaneti ya kufunguliwa kutwa kucha. Palikuwa na vituo vya barua katika miji kama Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, vilivyotumia mpango uitwao FidoNet. Mtu aliandika barua zake zote kwanza katika kompyuta yake. Kisha kompyuta ilipiga simu kituoni, ikatoa zilizoandikwa, ikapokea zilizokuja, na simu ikakatwa mara moja. Kituo nacho kilizikusanya barua, kikapiga simu nchi za mbali kwa zamu. Hapa Arusha palikuwapo kituo kilichojulikana kwa jina la Arusha Node Marie. Hata satelaiti ilitumika kwa namna hiyo: HealthSat-2, iliyorushwa mwaka 1993, ilipita juu ya hospitali na vyuo vya Afrika, ikapokea barua za waganga, ikazibeba na kuziteremsha ilipofika juu ya kituo kingine.

Ni tangu mwaka 2009, waya mkubwa wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, ndipo watu wengi walipoanza kusahau desturi ya kujaza pipa.

NJIA MBILI ZA KUPOKEA BARUA

Programu za barua ziko nyingi. Mimi nitaeleza Thunderbird, kwa kuwa ni ya bure na ndiyo tunayotumia ofisini. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004. Programu hii yaweza kupokea barua kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni POP. Barua hupakuliwa na kuwekwa katika kompyuta yako. Usipoiamuru iache nakala katika seva, nakala ya huko hufutwa. Uzuri wake ni kwamba barua zote unazo mkononi. Ubaya wake ni kwamba kompyuta ikiibwa au ikiharibika, barua zimekwenda pamoja nayo.

Njia ya pili ni IMAP. Hapa asili ya barua hubaki katika seva, na kilichomo katika kompyuta yako ni nakala. Ukisoma barua katika simu, kompyuta nayo itaonyesha kwamba imesomwa. Ukiifuta mahali pamoja, imefutwa pote. Tafadhali ulikumbuke neno hili la mwisho, kwa maana ndilo lililoniponza mara ya pili.

HESABU KIDOGO

Kwa nini niliogopa barua kubwa? Tufanye hesabu. Tuseme mtu ametuma picha ya fomu yenye ukubwa wa megabaiti 3. Barua-pepe tangu asili yake ilitengenezwa kubeba maandishi tu, basi kiambatisho hugeuzwa kwanza kiwe herufi, na kila baiti 3 huwa herufi 4. Kwa hiyo megabaiti 3 huwa 4 zikiwa njiani, yaani huongezeka kwa theluthi moja.

Megabaiti 4 ni baiti 4,000,000, na kila baiti ina biti 8. Jumla ni biti 32,000,000. Kwa modemu ya zamani ya biti 9,600 kwa sekunde, barua hii ingechukua sekunde 3,333, yaani karibu dakika 56. Kwa modemu ya biti 56,000 ingechukua dakika 9 na nusu. Kwa mtandao wa simu wenye kutoa biti 2,000,000 kwa sekunde, huchukua sekunde 16 tu.

Basi mwaona kosa langu la kwanza. Nilifuata woga wa zamani katika wakati mpya. Niliokoa sekunde 16 na megabaiti 4, nikapoteza siku nzima na nauli ya watu wawili.

NAMNA YA KUPANGA

Katika Thunderbird, fungua mipangilio ya akaunti, kisha uingie sehemu ihusuyo kulinganisha barua na hifadhi. Fanya hivi:

1. Tia alama mahali pa kuamuru kwamba barua za akaunti zihifadhiwe katika kompyuta hii. Pasipo alama hiyo, utaona vichwa, na miili ya barua itabaki katika seva.

2. Chagua folda zitakazopakuliwa. Si lazima zote. Kisanduku cha barua ziingiazo ni cha lazima, na folda za mambo ya mitihani, afya na ada pia. Folda ya matangazo yaweza kuachwa.

3. Chagua muda. Kama diski ni ndogo, waweza kuamuru zipakuliwe barua za siku 30 au 90 zilizopita tu. Amri hii haifuti cho chote katika seva; hupunguza nakala za kompyuta tu.

4. Weka kipimo cha ukubwa ikiwa hapana budi, lakini kisiwe kidogo kama changu. Sisi sasa tumeweka megabaiti 10, na fomu na barua za kawaida zapita bila taabu.

5. Kabla ya kuondoka penye mtandao, iamuru programu ipakue zote na kufanya kazi nje ya mtandao. Kisha fungua barua moja yenye kiambatisho uone kama yafunguka. Usiamini kichwa cha barua. Jaribio hili ni la dakika moja, nami silikosi tangu Ijumaa ile.

Kuandika nako kwawezekana bila mtandao. Barua utakazoandika zitawekwa katika folda ya zinazosubiri, na mtandao ukirudi utazituma zote pamoja. Mwanafunzi aweza kuandika barua tano jioni nyumbani, akazisahihisha vizuri, na asubuhi akatumia bando kwa dakika moja tu. Nadhani barua zake zitakuwa na makosa machache kuliko za mtu aandikaye huku akihofu bando kwisha.

KOSA LANGU LA PILI

Baada ya kisa cha kwanza niliamuru barua zote zipakuliwe. Miezi michache baadaye diski ya kompyuta ile kuukuu ilikaribia kujaa. Katika ukurasa ule ule wa mipangilio, chini yake, niliona amri ya kufuta barua zilizozidi siku kadhaa. Nikaandika siku 30. Nilidhani yafanana na ile amri ya tatu niliyoieleza juu, yaani kwamba itapunguza nakala za kompyuta tu.

Haikuwa hivyo. Programu yenyewe imeandika hapo wazi kwamba barua zitafutwa kabisa, nakala za kompyuta pamoja na asili zilizomo katika seva. Mimi sikusoma. Barua za miaka mitatu zikaondoka.

Juma lililofuata binti yule, ambaye alikuwa amekwisha pata msaada na alikuwa akijitayarisha kwenda chuo, aliambiwa na karani mpya aonyeshe barua ya kwanza ya kukubaliwa, yenye namba ya kumbukumbu. Barua ile ilikuwa imekuja kwa anwani ya shule. Nikaitafuta katika kompyuta, haikuwapo. Nikaitafuta katika seva, haikuwapo. Nilikaa mbele ya kioo nikiona aibu isiyo kifani.

Nilimpigia simu mama yake kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, barua hiyo ninayo. Ulinipa karatasi yake muhula uliopita." Aliiweka katika mfuko wa nailoni, pamoja na kadi ya kliniki ya binti na cheti chake cha kuzaliwa, ndani ya sanduku la bati. Karatasi ile ndiyo iliyompeleka binti chuoni. Mimi nina kompyuta, seva na neno la siri. Mama alikuwa na mfuko wa nailoni. Na aliyehifadhi barua ni mama.

KUTUNZA NAKALA NA NAFASI

Tangu siku hiyo nafuata kanuni hizi, nami nawausia wasomaji wazifuate.

Kwanza, nimeiondoa amri ya kufuta barua zenyewe kwa zenyewe. Barua isiyotakiwa naifuta kwa mkono, moja moja, baada ya kuisoma.

Pili, nikitaka nafasi katika diski, naamuru folda zibanwe. Thunderbird kwa desturi huweka barua zote za folda moja katika faili moja refu, na ukiifuta barua hutiwa alama ya kufutwa tu, wala haiondoki ndani ya faili. Nafasi hupatikana folda zinapobanwa. Wengi hufuta barua mia na kushangaa kwamba diski bado imejaa. Sababu ndiyo hiyo.

Tatu, barua kubwa za zamani nazinakili katika folda za kompyuta yenyewe. Nasema kunakili, si kuhamisha. Ukihamisha barua ya IMAP kwenda folda za kompyuta, huondoka katika seva, na hapo unabakiwa na moja tu.

Nne, kila mwisho wa muhula nafunga programu, kisha nanakili folda yote yenye akaunti zake katika flashi mbili. Moja hukaa ofisini, nyingine hukaa jengo jingine, ili moto au mwizi asizipate zote.

Tano, barua yenye kugusa maisha ya mtu, kama ya mtihani, ada, ajira au hospitali, naitoa katika karatasi na kumpa mwenyewe au mzazi wake.

Sita, nachunga siri. Barua iliyopakuliwa husomeka na kila afunguaye kompyuta ile. Kwa hiyo kompyuta ya ofisi ina neno la siri. Na ukienda steshenari, usipakue barua ukaiacha pale. Futa faili, toka katika akaunti, ndipo uondoke.

NENO LA MWISHO

Watu wa Meru wana sababu ya kuheshimu karatasi zilizohifadhiwa. Mwaka 1951 wenyeji wa Ngarenanyuki waliondolewa katika ardhi yao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York kulieleza shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1967 yeye na Earle Seaton walitoa kitabu juu ya shauri hilo, na hata leo twaweza kulisoma. Siku hizi madai yetu, maombi yetu na vyeti vyetu vyaja kwa barua-pepe. Tusipojifunza kuvitunza, wajukuu wetu watasoma nini?

Akiba haiozi, wasema wahenga. Lakini akiba ni ile uliyoijaribu ukaona yafunguka, na ambayo nakala yake iko mahali zaidi ya pamoja. Binti yule sasa yu chuoni. Mama yake nilionana naye mjini hivi karibuni, akaniuliza kwa kicheko kama siku hizi barua zangu zafika. Nilimjibu kwamba zafika zote, pamoja na miili yake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti ya POP na IMAP. Ni njia ipi ungeichagua kwa kompyuta ya ofisi itumiwayo na watu watatu, na kwa nini?

2. Kiambatisho kina megabaiti 6. Kikiwa njiani kitakuwa na ukubwa gani? Kitachukua sekunde ngapi kwa mtandao wa biti 2,000,000 kwa sekunde?

3. Amri ya kupakua barua za siku 30 zilizopita na amri ya kufuta barua zilizozidi siku 30 zatofautianaje?

4. Kwa nini diski yaweza kubaki imejaa baada ya kufuta barua nyingi?

5. Ongea na mzazi wako: ni barua ipi ya familia yenu ambayo ikipotea leo haitapatikana tena? Kisha itolee nakala.